Safari ya dago: Hesabu maji kabla hujahesabu samaki

 

Wale mnaotaka tumalizie ile mada ya michango ya harusi, vuteni subira kidogo. Wiki hii tunatoka mjini. Tunaenda baharini.

Na sisemi baharini kwa maana ya kukaa Coco Beach unatafuna mihogo na kuangalia mawimbi. Nasema kulala huko huko, siku tatu au nne, mnavua, mnakula mlichovua, mnarudi nyumbani weusi tii, mnanuka samaki, mna hadithi za mwaka mzima.

Watu wa pwani wana jina lake: kwenda dago. Dago ni kambi ya wavuvi. Wanaondoka kwao na ngalawa au mashua, wanahamia kisiwani au kwenye ufukwe wa mbali, wanasimamisha kibanda cha makuti au turubai, wanavua hapo mpaka shughuli yao iishe. Kwao hiyo ni kazi, si matembezi. Ila siku hizi na vijana wa mjini wameanza kuipenda. Washkaji wawili watatu wanachanga, wanaongea na nahodha mwenye ngalawa yake, Ijumaa wanapotea mtaani, Jumatatu wanarudi na picha kali kwenye simu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani mchezo kama huo wanaufanya kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia lenye bapa huku na huku. Ulibuniwa zamani na watu wa nchi za barafu kule Aktiki, wakiuvalisha ngozi ya sili. Sasa unatengenezwa kwa plastiki, una mpaka tundu la kuchomekea fimbo ya kuvulia. Sisi tuna ngalawa yetu na mirengu yake. Vyombo ni tofauti lakini shughuli ni ile ile: chombo kidogo, maji mengi, duka hakuna.

Mimi nimeshakwenda dago mara tatu, kupitia kwa mjomba wangu anayefahamiana na wavuvi wa Kisiju, kule Mkuranga. Sijifanyi mvuvi. Ukiniuliza habari za kufunga tanga nitakuelekeza kwa mwenye tanga. Lakini kitu kimoja nimekiona mara zote tatu, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu: vijana wa mjini tunafunga mizigo kwa ajili ya kwenda, wavuvi wanafunga kwa ajili ya kurudi.

Siku ya kwenda kila mtu ana nguvu, maji yapo, simu ina chaji, na upepo nahodha ameuchagua mwenyewe. Siku ya kurudi ndiyo siku ambayo dumu liko tupu, simu imezima, mmechoka, na upepo unavuma unavyotaka.

SAA 30 ZIKAWA SIKU 438

Msije mkasema natisha watu. Kuna mvuvi mmoja raia wa El Salvador, José Salvador Alvarenga, ambaye Novemba 2012 aliondoka pwani ya Chiapas, Mexico, yeye na mwenzake mmoja kijana, kwa boti ya urefu wa kama meta saba. Haikuwa safari ya siku nne. Ilikuwa ya saa 30 hivi, kuvua na kurudi.

Dhoruba ikawapiga, injini ikafa, redio nayo ikanyamaza. Yule mwenzake alifariki baharini. Alvarenga alikuja kuonekana Januari 30, 2014, kwenye kisiwa cha Ebon katika Visiwa vya Marshall, maelfu ya kilometa kutoka alikoanzia. Siku 438! Alikuwa akila samaki, ndege na kasa aliowakamata kwa mikono, akinywa maji ya mvua yakipatikana, na yasipopatikana alikunywa vitu ambavyo gazeti hili linasomwa na watu wakati wa kula, kwa hiyo tuviache.

Najua kuna mtu hapo atasema, "Hiyo Pasifiki, bwana, sisi bahari yetu tunaijua." Weee! Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakimbia zaidi. Mlingoti ukivunjika mbele ya Kisiju, bahari haikurudishi Kisiju. Inakupandisha kuelekea Dar na Unguja, na usipoonekana inaendelea na wewe.

Kwa hiyo tukubaliane: ukipanga siku nne, unafunga vitu vya siku sita. Mengine yote nitakayosema leo yanatokana na hapo.

TAREHE KWANZA, BEGI BAADAYE

Vijana wa mjini tunapanga safari kwa kalenda ya ofisi. "Pasaka ina mapumziko marefu, twende Pasaka." Sasa Pasaka huangukia Machi au Aprili, yaani masika yamekaribia au yameshaingia. Utakaa chini ya turubai siku nne unahesabu matone.

Bahari ina kalenda yake. Kuanzia kama Desemba mpaka Machi kuna kaskazi. Kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, na Juni mpaka Agosti kusi huwa haina mchezo. Katikati hapo, hasa Oktoba na Novemba, pepo hulegea, wenyewe wanasema matlai. Kama ni mgeni wa bahari, hiyo ndiyo miezi ya kumwomba bosi ruhusa.

Ukishapata mwezi wa kalenda, angalia mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanatoka sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Nahodha atakuchagulia kulingana na mnavua nini na wapi, wewe muulize tu, "Mzee, maji ya siku hizo yakoje?" Akikuona unauliza hivyo atajua umekuja na kichwa.

Halafu fanya hesabu ya darasa la tano. Maji huchelewa kila siku kwa kama dakika 50. Mkiingia kambini Ijumaa saa 2 asubuhi maji yamejaa, Jumatatu maji yale yale yatajaa kama saa 4 na nusu. Mkipitwa nayo na ufukwe wenyewe una matumbawe, ngalawa imekaa juu ya mchanga, mnasubiri maji mengine mpaka usiku. Kwa hiyo wewe uliyemwahidi bosi kwamba Jumatatu mchana uko kaunta, jiulize tena.

Utabiri wa bahari nao usikilizwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari za upepo na mawimbi, na huwa wanatoa tahadhari mambo yakichafuka. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, tahadhari ilikuwa imeshatangazwa kabla. Mwenye redio na akili zake alibaki nchi kavu.

Na nahodha akisema leo hatutoki, basi hatutoki. Usimwambie habari ya hela mliyotanguliza. Hela ya chombo inazungumzika, mtu aliyezama hazungumziki.

La mwisho hapo: ulizeni mnakwenda kuvua wapi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya hifadhi ya bahari, hakuna kuvua. Kisiwani Mafia kuna hifadhi tangu mwaka 1995 na ina taratibu zake. Mkifika kijijini jitambulisheni kwa watu wa BMU, wale wanaosimamia mambo ya uvuvi pale ufukweni. Kwanza ni heshima, pili hao ndio watakaokuja kuwatafuta.

MAJI, MAJI, MAJI

Sasa tuje kwenye mizigo yenyewe. Cha kwanza kupakiwa ni maji ya kunywa, na cha mwisho kupunguzwa ni maji ya kunywa.

Piga lita 4 kwa mtu kwa siku, ndani yake kuna ya kunywa na ya kupikia. Usijidanganye na lita moja na nusu ya dukani. Baharini jua linakupiga kutoka juu na linakurudia kutoka chini, upepo unakukausha jasho hata hujui kama umetoka jasho.

Sisi safari ya mwisho tulikuwa wanne: nahodha, baharia wake ambaye ni mwanawe wa kumzaa, mimi na mshkaji wangu mmoja. Watu 4 mara siku 4 mara lita 4 ni lita 64. Ongeza zile siku mbili za akiba, lita 32. Jumla lita 96. Hayo ni madumu matano ya lita 20, na uzito wake ni kilo 96, yaani mtu mzima aliyeshiba na sanduku lake.

Umeona sasa? Ndiyo maana wavuvi wakikuona na sanduku wanakunja uso. Ngalawa haina buti. Kila kilo unayoongeza ya upuuzi inatoka kwenye maji au inatoka kwenye ule urefu wa ubavu unaozuia bahari isiingie ndani. Mkizidi watu, chukueni ngalawa mbili mwende pamoja. Tena hiyo ndiyo salama zaidi, moja ikipata shida nyingine ipo.

Usiweke maji yote kwenye chombo kimoja kikubwa. Dumu moja likipasuka au kuingia chumvi, yabaki manne. Akiba ya siku mbili ifungwe pembeni na nahodha pekee ndiye wa kuruhusu ifunguliwe. Madumu usiyajaze mpaka mdomoni: maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, na ukiacha nafasi ya hewa dumu litaelea vizuri likianguka.

Kuna watu wanadhani ukibanwa sana na kiu unaweza kunywa maji ya bahari kidogo kidogo. Hapana! Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Figo zako haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho, kwa hiyo ili kuitoa zinachukua maji mengine mwilini mwako. Unakunywa na unazidi kukauka. Bia nazo si mbadala wa maji, zinakukojoza. Ziache, mtazikuta mjini zinawasubiri.

BEGI LA BISHOO

Huyo mshkaji wangu anauza vifaa vya simu Kariakoo, kwa kujipenda hajambo. Alfajiri ile tukiwa ufukweni, akatokea anaburuta begi la magurudumu kwenye mchanga. Magurudumu! Nahodha alilitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe ghorofani.

"Mwanangu, humu mna nini?"

"Nguo tu, mzee."

"Hebu tufungue kidogo tuone, kama hutojali."

Basi bwana, zikatoka jinzi tatu. Raba nyeupe. Spika ya muziki kubwa kama tofali. Pafyumu mbili, sijui moja ya mchana na nyingine ya usiku. Nahodha akainua jinzi moja, akaipima mkononi.

"Hii ikilowa ni nanga. Tena nanga yenyewe umeivaa."

Baharia wake alicheka mpaka akakaa chini. Mshkaji naye hakununa. Begi likabaki kwa mama muuza maandazi, tukamtafutia ndoo.

Ndiyo, ndoo. Begi la mvuvi ni ndoo. Ile ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ukiiosha vizuri ikaisha harufu, ni mali. Haiingii maji, unaikalia, unakatia samaki juu yake, na ikianguka inaelea. Mtu mmoja ndoo moja. Kisichoenea kinabaki.

Humo ndani weka shati jepesi la mikono mirefu, kaptura mbili, shuka au kikoi, na sweta moja. Utaniuliza sweta ya nini na joto lote hili. Subiri ulowe saa 9 usiku na upepo unavuma, utanikumbuka. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Viatu viwe vya mpira vyenye kushika mguu, kwa sababu kwenye matumbawe kuna miiba na kwenye mchanga kuna taa anayelala kimya akingoja umkanyage.

Kiberiti kigawe sehemu tatu, kila sehemu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Simu yako kubwa iweke kwenye nailoni mbili na uizime. Lakini beba na kitochi, ile simu ndogo inayokaa na chaji siku kadhaa. Hiyo ndiyo ya kupigia nyumbani pale mtandao unapokamata. Pawabenki nayo ndani ya ndoo.

Dawa: plasta, dawa ya vidonda, ya maumivu, zile pakiti za chumvichumvi za kuharisha, na dawa zako wewe mwenyewe kama unazo unazotumia. Kama bahari inakulevya, dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda chombo, siyo ukishaanza kuwalisha samaki.

Mishipi nahodha anayo, ila ukinunua yako nunua ya unene tofauti, ndoana za ukubwa tofauti, na chubwi za kutosha kwa sababu mwamba utakula nusu yake. Beba koleo ya kuchomolea ndoana na glovu. Kolekole akivuta mshipi mkononi mwa mtu aliyezoea kushika kalamu, ngozi inabaki kwenye mshipi.

USIMPANGIE SAMAKI

Chakula kipangwe kana kwamba hakuna samaki atakayepatikana. Unga, mchele, mafuta, vitunguu, ndimu, chumvi, sukari. Maharage yaacheni, yanakula maji na mkaa. Na kiwepo chakula cha siku mbili kisichohitaji moto: tende, karanga, biskuti. Mvua ikinyesha mkaa ukalowa, tende haijali.

Mkipata samaki, shida inahamia kwenye kumtunza. Deli la barafu mnaloondoka nalo Ijumaa, Jumapili lina maji. Wavuvi wa dago tangu zamani dawa yao ni chumvi na jua. Wanampasua, wanatoa matumbo, wanamwosha, wanampaka chumvi, wanamwanika. Huyo ndiye ng'onda, na akipikwa na nazi utasahau kuku wa mjini.

Mambo mawili hapo si ya utani. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani wanajenga sumu ambayo hata ukiwapika haitoki. Unakula, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Kwa hiyo akitoka tu majini apelekwe kivulini, atolewe matumbo, aingie kwenye barafu au chumvi. La pili, bunju, yule samaki anayejijaza kama mpira, msimguse kwa kula. Sumu yake inaua na jiko haliimalizi. Samaki msiyemjua, muulizeni nahodha, na nahodha asipomjua, mrudisheni kwao.

KUJIOKOA SI USHAMBA

Sasa tuingie kwenye lile jambo ambalo vijana wengi wanaliona ushamba: jaketi la kujiokolea.

Kwenye ngalawa zetu nyingi hayapo. Wavuvi wenyewe hawavai. Mimi nilikodi manne kwa jamaa anayefanya kazi kwenye boti za watalii, moja kwa kila mtu. Nahodha aliponiona nayabeba alicheka.

"Mwanangu, mimi bahari imenilea."

"Kweli mzee, ila mimi imenilea Magomeni."

"Haya, basi vaeni nyie mliolelewa Magomeni."

Tukavaa sisi wawili. Mengine mawili, nahodha alilikalia moja, la pili mwanawe akalifanya mto.

Siku ya pili tulikuwa mbali na kambi, tunavua changu, tunapata hasa. Upande wa nje likainuka wingu, chini jeusi juu jeupe. Nahodha hakusema neno. Alikunja mshipi wake, akashusha tanga nusu, halafu akaenda mbele, akautoa ule mto chini ya kichwa cha mwanawe, akamwamsha, akamvalisha mwenyewe na kumfunga kamba zote tatu kama anayemvalisha mtoto wa chekechea. Kisha akavaa na lake.

Ule upepo ulikuwa wa kama nusu saa. Tulikumba maji kwa kopo na sufuria, tukafika. Jioni kambini hakuna aliyezungumzia majaketi, na mimi sikuuliza. Ila siku mbili zilizobaki yule kijana alilivaa kila tulipoingia majini na baba yake hakumwambia avue.

Kwa hiyo usimbishie mzee kuhusu bahari, yeye anaijua kukuliko. Wewe njoo na majaketi ya kutosha watu wote, uyaweke wazi, ufunge mdomo.

Pamoja na jaketi kuna vitu vidogo vya kuning'iniza shingoni: filimbi na kioo kidogo cha kujitazamia. Sauti yako baharini haifiki popote, filimbi inafika mbali zaidi. Kioo ukikilenga kwenye jua kinamwita mtu aliye kilometa kadhaa. Usiku tochi inafanya kazi hiyo. Halafu kafi mbili za akiba, kamba ndefu, na kopo la kukumbia maji lililofungwa kwa kamba, maana kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuondoka.

KARATASI YA MAMA

Nimeacha kitu chepesi kuliko vyote mwisho, na hakipandi hata kwenye chombo. Ni karatasi unayoiacha nyumbani.

Mimi humwachia mama. Naandika majina yetu wote wanne, rangi ya ngalawa na ya tanga, tunaondokea wapi, tunapiga kambi wapi, tunategemea kurudi lini. Namba ya mjomba, namba ya mtu wa BMU. Na mstari wa chini naandika saa: "Tusipopiga simu mpaka Jumanne saa 4 asubuhi, anza kuwapigia hawa."

Safari ile upepo ulitukatalia Jumatatu, tukalala siku ya ziada. Tulikuwa na maji, tulikuwa na tende. Jumanne saa 2 kitochi kikakamata mtandao nikapiga. Mama akaniuliza samaki wangapi. Alikuwa amelala usingizi wake kwa sababu karatasi ilimwambia bado.

Sasa sikia ya wengine. Kuna vijana watano wa mtaa wa jirani na wetu, walitoka kwa mtindo huo huo wa dago. Nyumbani waliaga wanakwenda Bagamoyo kwenye sherehe, maana wangesema bahari wasingeruhusiwa. Walikuwa na katoni moja ya maji ya chupa na kreti mbili za bia. Usukani ukavunjika. Upepo ukawachukua.

Walipokawia, ndugu zao walikwenda kuwatafuta wapi? Bagamoyo. Mama wa mmoja wao alizunguka Bagamoyo nzima siku mbili na picha mkononi, anauliza kumbi za sherehe, anauliza hospitali, wakati mwanawe yuko upande mwingine kabisa wa bahari, midomo imepasuka, anatafuna kipande cha kitambaa kilicholowa umande. Wavuvi wa dagaa waliwaona usiku wa pili kwa bahati tu. Wote watano wako hai, tunashukuru Mungu. Lakini yule mama mpaka leo simu ya mwanawe isipopokelewa mara mbili anaanza kuvaa viatu.

Muongopee nyumbani kuhusu mpenzi, muongopee kuhusu mshahara, huko mtamalizana wenyewe. Kuhusu bahari sema ukweli, hata wakikasirika. Mtu hawezi kukutafuta mahali ambapo hajui kama ulikwenda.

KATA, BANDIKA UKUTANI

Kwa wale wavivu wa kusoma mpaka mwisho, mkato wenu huu hapa:

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, ongeza siku mbili, yagawe kwenye madumu.

Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, nahodha akiwemo. Filimbi, kioo, tochi.

Kafi za akiba, kamba, nanga, kopo la kukumbia maji.

Ndoo ya mfuniko, mtu mmoja moja: shati la mikono mirefu, kaptura, sweta, shuka, kofia ya kamba, viatu vya mpira. Jinzi nyumbani.

Kiberiti sehemu tatu. Kitochi na pawabenki ndani ya nailoni.

Chakula cha siku zote, na cha siku mbili kisichohitaji moto. Chumvi ya samaki.

Dawa.

Karatasi kwa mama, na saa ya kuanza kutafuta imeandikwa.

Vikienea hivyo na nafasi imebaki, mweke na spika. Nahodha akikubali.

Wiki ijayo tukijaaliwa tutarudi kwenye ile michango ya harusi, na kuna kamati moja ya Tabata nina maneno nayo. Mpaka wakati huo, mwenye kwenda dago aende salama, na mwenye kubaki aniwekee ng'onda.

Alamsiki.